Barua ya wazi kwa wakuu wa mfumo endeshi: toleo lijalo lituulize kwanza

Kwa Wakurugenzi na Wahandisi Wakuu,
Idara ya Mfumo Endeshi wa Kompyuta za Mezani.

YAH: MAOMBI YA WATUMIAJI KUHUSU TOLEO LIJALO

Waheshimiwa,

Salamu. Ndani ya miaka miwili nimewaandikia mara tisa kupitia kitufe cha maoni mlichokiweka ndani ya mfumo wenu. Mara sita sikujibiwa. Mara tatu nilipata ujumbe uleule wa shukrani uliotumwa na mashine, na tatizo nililolieleza likabaki palepale. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, kijana aliyenipokea alikuwa mpole na alinisikiliza hadi mwisho, lakini hakuwa na uwezo wa kufanya lolote zaidi ya kunishauri nifute kila kitu na kusakinisha mfumo upya. Nimeishiwa milango ya kubisha, ndiyo maana leo naandika hadharani.

Kampuni yenu sitaitaja. Wanaotengeneza mifumo endeshi ya kompyuta za mezani, yaani programu kuu zinazoziendesha mashine hizo, ni wachache, na mengi nitakayoyasema yanawagusa wote, huyu zaidi na yule kidogo.

Mimi ni mhariri wa miswada. Kompyuta ndiyo jembe langu, nakaa mbele yake kutwa nzima. Ninachoomba ni kitu kimoja, na mengine yote humu yanatoka hapo: mashine ni ya aliyeinunua, kwa hiyo toleo lijalo limuulize kabla ya kumbadilishia kitu. Akikataa, iwe amekataa.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kompyuta kujizima na kujiwasha bila idhini yetu

Mwaka jana nilikuwa nahariri kitabu cha kurasa mia nne. Jioni moja niliiacha kompyuta ikilinganisha nakala mbili za mswada, kazi ya saa nyingi, huku madirisha kumi na mawili yakiwa wazi na maelezo niliyokuwa nikiyaandika pembeni. Asubuhi nikakuta skrini ya kuingilia na taarifa kwamba masasisho yamekamilika. Ulinganishaji ulikuwa umekatika katikati. Maelezo ambayo sikuwa nimeyahifadhi yalikuwa yamepotea. Kazi ya siku mbili niliirudia, na tarehe ya kukabidhi mswada haikusogezwa hata siku moja.

Najua mtajibu nini, kwa kuwa ndivyo nilivyojibiwa kwenye simu: ni kwa ajili ya usalama. Hoja hiyo siidharau. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilifunga mafaili ya watu na kudai fidia katika kompyuta zaidi ya 200,000 duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza, ilhali Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi. Waliokuwa wamekiweka walisalimika. Hakuna mtumiaji mwenye busara anayetaka kompyuta isiyotiwa viraka.

Lakini jiulizeni kwa nini watu wanayakwepa masasisho. Hawaukwepi usalama, wanakikwepa kinachokuja nao. Ndani ya bahasha moja mnatia kiraka cha usalama, menyu iliyohamishwa, programu mpya ambayo hatukuiomba, na mara nyingine hitilafu inayoifanya printa isionekane. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu aliyepoteza kazi yake kwa sasisho la mwezi uliopita ataliahirisha la mwezi huu, hata kama ndilo lenye kiraka ambacho kingemwokoa. Uoga huo mmeupanda ninyi, na hautang'oka kwa kulazimishana.

Tenganisheni basi. Viraka vya usalama vije peke yake, vidogo, vya haraka, visiguse sura ya mfumo wala mpangilio wa vitu. Vipengele vipya vije kwa njia yao na kwa hiari. Msiniambie haiwezekani. Kiini cha Linux, mfumo endeshi mwingine, kinaweza kutiwa kiraka huku kikiendelea kufanya kazi tangu toleo lake la 4.0 la mwaka 2015. ChromeOS, mfumo endeshi wa Google, huandika toleo jipya kwenye sehemu ya pili ya diski wakati mwenye kompyuta anaendelea na shughuli zake. Siku atakapoiwasha upya kwa wakati wake, inaamkia upande wa pili, na upande huo ukigoma kuwaka inarudi kule ilikotoka. Ufundi upo. Ninyi wenyewe mnao wahandisi wa kuufanya, na kazi yao naiheshimu sana.

Na pale ambapo kuwasha upya hakuepukiki, mfumo uangalie kwanza. Kuna faili ambalo halijahifadhiwa? Kuna programu iliyo katikati ya kazi nzito? Kama ipo, usubiri. Zile saa za kazi tunazoruhusiwa kuzipanga hazitoshi, maana ziko kazi ambazo kompyuta huzifanya usiku, mwenyewe akiwa amelala.

2. "Baadaye" si "hapana"

Angalieni visanduku vyenu vya mazungumzo. Kimoja kinaniuliza kama nataka kuhifadhi mafaili yangu kwenye wingu, na kinanipa vitufe viwili: "Ndiyo" na "Nikumbushe baadaye". Kingine kinanitaka nibadili kivinjari, nacho hakina mahali pa kukataa moja kwa moja. Nimekataa kwa kuahirisha mara zisizo na hesabu, na kila baada ya sasisho kubwa swali linarudi kana kwamba sijawahi kuulizwa.

Mwaka 2016 Microsoft ilipokuwa ikiwahamishia watu Windows 10, ulifika wakati ambapo kubonyeza alama ya kufunga dirisha kulichukuliwa kama kukubali kuhamishwa. Alama ambayo kwa miaka yote ilimaanisha "ondoka" ikageuzwa kuwa "endelea". Watu walilalamika kwa nguvu, na baadaye kampuni ikaweka kitufe cha kukataa waziwazi. Kitufe hicho kilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Sisi tunaomba kila swali liwe na majibu matatu: ndiyo, hapana, na usiniulize tena. Jibu litunzwe, livuke masasisho yote yajayo, mpaka mtumiaji mwenyewe aende kwenye mipangilio kulibadilisha.

3. Mashine nzima kutangazwa kuwa imepitwa na wakati

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu hapagusi uvumilivu wetu tu, panagusa mifuko.

Mifano inajulikana. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilidai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel ikakubali prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache sana. Kompyuta nyingi zilizonunuliwa zikiwa mpya mwaka 2017 zikaachwa nje, na tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ikafika mwisho. Apple nayo iliuza kompyuta ya mezani ya Mac Pro yenye prosesa ya Intel hadi mwaka 2023, kisha mwaka 2025 ikatangaza kwamba mfumo wake endeshi wa macOS Tahoe ndio toleo kuu la mwisho kwa mashine za Intel. Aliyenunua mwishoni alipata takriban miaka miwili ya matoleo makuu.

Ninayo kompyuta ya pili, ina miaka tisa. Nimeibadilishia diski, nimeiongezea kumbukumbu, inafungua miswada mikubwa bila kusitasita. Mfumo wenu unaniambia haifai. Nilipotaka kujua haifai kwa lipi, nilipewa orodha ya prosesa, na yangu haimo. Hakuna aliyenieleza ni kipengele gani hasa kitashindwa kufanya kazi, kwa kiasi gani, na kwa hatari gani.

Mtasema chipu mpya zinalinda zaidi. Nakubali, kufuli ya nenosiri na usimbaji wa diski, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke na asiye na ufunguo, huimarika vikiegemea chipu. Ila kompyuta ya zamani inayopata viraka ni salama kuliko kompyuta ya zamani isiyopata chochote, na hicho cha pili ndicho mnachowaachia watu wasio na uwezo wa kununua nyingine. Mashine hazitatupwa siku huduma inapokwisha. Zitaendelea kutumika, zikiwa wazi kwa kila mwizi.

Tunaomba toleo lijalo liseme ukweli: kwenye mashine hii utakosa hiki na hiki, hatari yake ni hii, unataka kuendelea? Mwenye mashine aamue. Na muda wa viraka vya usalama utangazwe siku ya kununua, uandikwe kwenye boksi kwa tarehe kamili.

4. Kuhamishahamisha vitu

Mama yangu ana miaka sabini na moja. Alijifunza kompyuta ukubwani, na njia yake ya kujifunza ilikuwa daftari. Aliandika kila hatua kwa mkono: bonyeza pembeni chini, shuka hadi cha tatu, subiri dirisha jeupe lifunguke. Ana hatua za kuchapisha barua, za kuhamisha picha kutoka kwenye simu, za kumpigia dada yangu kwa video. Daftari lile limemtosha kwa miaka mingi, na kila alipoongeza ukurasa alinionyesha kwa fahari.

Toleo lililopita liliufanya karibu ukurasa kila mmoja wa daftari hilo usiwe na maana. Kitufe cha pembeni kilihamia katikati. Menyu ya kitufe cha kulia cha mausi ilifupishwa, na mambo aliyoyazoea yakafichwa nyuma ya mlango wa pili. Neno "nakili" likageuzwa kuwa alama ndogo isiyo na maandishi, naye macho yake hayaoni alama ndogo. Alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, nadhani nimezeeka, kompyuta imenishinda." Nilimwambia hapana mama, hukuzeeka, vitu vimehamishwa. Sijui kama aliniamini.

Mtaniambia mliwajaribu watu, nao wakaona mpangilio mpya ni rahisi. Pengine. Lakini mtu mgeni hana cha kusahau. Gharama ya mabadiliko haimwangukii mgeni, inamwangukia aliyewavumilia miaka kumi na mitano. Na historia mnaijua. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa kitufe cha kuanzia kilichokuwepo tangu Windows 95, watu wakashindwa hata kujua pa kuzimia kompyuta, na mwaka uliofuata toleo la 8.1 likakirudisha. Mwaka 2021 Windows 11 ikaja na mwambaa wa kazi, ule mstari wa vitufe vya programu, usioweza kuhamishiwa pembeni mwa skrini, jambo lililowezekana kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mkitaka kubadilisha sura, badilisheni, lakini muwaachie watu njia ya kubaki na ile waliyoizoea, nayo ifanye kazi kikamilifu. Tena maandishi yarudi kando ya alama. Na mipangilio ikae mahali pamoja. Leo ukitafuta jambo la sauti au la printa unaanzia kwenye ukurasa mpya, unasukumwa hadi dirisha la zamani, na humo ndimo unapolikuta.

5. Matangazo, na akaunti ya lazima

Hili halihitaji maneno mengi. Mfumo endeshi uliolipiwa, au uliokuja ndani ya mashine iliyolipiwa, usiweke matangazo kwenye menyu, kwenye skrini ya kufungia, wala kwenye matokeo ya utafutaji wa mafaili yangu mwenyewe. Na mtu aweze kuanza kutumia kompyuta mpya bila kufungua akaunti ya mtandaoni na bila intaneti kabisa.

Kujirekebisha kunawezekana. Ubuntu 12.10 ya mwaka 2012, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, ilichanganya bidhaa za Amazon na matokeo ya mtu anayetafuta mafaili kwenye eneo-kazi lake. Lawama zilikuwa kali, na kufikia toleo la 16.04 la mwaka 2016 utafutaji huo wa mtandaoni ulikuwa ukija ukiwa umezimwa. Hakuna aliyeulilia.

6. Akili mnemba inayotazama skrini

Sipingi akili mnemba. Kuna siku hunisaidia. Ninachopinga ni kuingizwa kila mahali, kwenye daftari la maandishi, kwenye picha, hadi kwenye kibodi, ikiwa tayari imewashwa. Mei 2024 Microsoft ilitangaza Recall, kipengele cha kupiga picha za skrini mara kwa mara ili baadaye mtu aweze kutafuta alichokiona. Wataalamu wa usalama walichunguza matoleo ya mwanzo wakaonyesha kwamba kumbukumbu hizo hazikulindwa inavyotakiwa. Uzinduzi ukaahirishwa, na kiliporudi kikaja kikiwa kimezimwa hadi mtumiaji akiwashe, na kumbukumbu zake zikiwa zimesimbwa.

Kwenye skrini yangu hupita miswada ambayo haijachapishwa. Si mali yangu, nimeaminiwa nayo. Kwenye skrini ya daktari hupita magonjwa ya watu, na kwenye ya wakili siri za mteja. Kwa hiyo kila kipengele cha namna hii kije kikiwa kimezimwa, kiweze kuondolewa kabisa kwenye diski, na kiseme wazi ni nini kinabaki ndani ya mashine na ni nini kinatoka nje.

7. Njia ya kurudi nyuma

Oktoba 2018 sasisho moja la Windows 10 lilisitishwa siku chache baada ya kutolewa kwa kuwa lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Makosa hutokea, nasi hatudai ukamilifu. Tunachodai ni mlango wa kutokea. Siku kumi ambazo Windows humpa mtu kurudi kwenye toleo la awali hazimtoshi anayetumia printa au skana mara moja kwa mwezi. Atagundua tatizo siku ya kumi na tano. Tunaomba siku sitini, na mfumo uchukue nakala rudufu ya mafaili kabla haujagusa chochote.

Waheshimiwa, nimejaribu kufikiri kama mnavyofikiri ninyi. Mtasema takwimu mnazokusanya zinaonyesha watu wengi hawabadilishi mipangilio, maana yake wameridhika. Mama yangu hajabadilisha mpangilio hata mmoja maishani mwake. Hajaridhika, hajui mipangilio iko wapi. Tena wale wanaochukizwa zaidi ndio wanaozima ukusanyaji wa takwimu, kwa hiyo hawamo kwenye hesabu yenu. Mtasema pia kwamba bila vipengele vipya hakuna atakayenunua. Mwaka 2009 Apple ilisimama mbele ya wasanidi programu ikalitangaza toleo la mfumo wake liitwalo Snow Leopard kuwa halina vipengele vipya. Lilikuja kurekebisha, kuharakisha na kupunguza uzito, hata likarudisha gigabaiti kadhaa za nafasi kwenye diski. Miaka mingi baadaye bado kuna watu wanaolitaja kwa mapenzi. Sijui toleo jingine la mfumo endeshi linalokumbukwa hivyo kwa sababu ya menyu mpya.

Hilo ndilo tunaloliomba mwaka huu. Mwaka mmoja tu wa kurekebisha. Utafutaji wa faili ulipate faili lililo mbele yake. Kompyuta iliyofunikwa ilale kweli, isiwake moto ndani ya mkoba na kumaliza betri. Dirisha la mafaili lifunguke papo hapo, kama lilivyofunguka kwenye mashine dhaifu za zamani. Skrini ya pili ikichomolewa na kurudishwa, madirisha yarudi yalipokuwa. Wekeni hadharani orodha ya hitilafu mia zinazolalamikiwa zaidi, na kila mwezi mtuonyeshe zipi zimekwisha.

Ninaomba pia mambo mawili kabla toleo halijafungwa. Kwanza, mtangaze kama viraka vya usalama vitatenganishwa na vipengele vipya, ndiyo au hapana, na tarehe yake. Pili, barua hii ijibiwe na mtu mwenye jina na cheo, hata kwa mistari mitatu. Namba za malalamiko yangu tisa mnazo.

Toleo la majaribio likitoka, mkiliruhusu, nitaliweka kwenye ile kompyuta ya miaka tisa. Nitamkalisha mama mbele yake na daftari lake, nami nitawaandikia kurasa ambazo bado zinafanya kazi na ambazo hazifanyi, moja baada ya nyingine.

Wasalaam,

Mtumiaji wenu kwa miaka kumi na tisa.